Tangazo la Mama Yako

Mwanangu Rehema,

Ninaandika haya dukani, alasiri hii, juu ya meza ile ile ya kufungulia simu, kwa sababu nyumbani hapaandikiki. Kuna mabegi yako, kuna majirani wanaokuja kukuaga, na kuna shangazi yako Mwajuma anayepanga nguo zako kwa sauti. Mambo ya safari yako ya kwenda kazini Kigoma sitayagusa. Kama kuna neno linalohusu basi, baridi, maji ya kunywa au wanaume wa Kigoma ambalo Mwajuma hajakuambia, basi neno hilo halipo.

Ninachotaka kukuandikia ni jambo moja, nalo linahusu tangazo la mama yako na baba yako mdogo Salimu. Nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia. Unanijua. Nikiletewa simu isiyowaka, kwanza huifuta kioo.

Juzi ulisema pale barazani, mbele yangu na mbele ya bibi yako, "Baba mdogo asije stendi." Hukupaza sauti. Bibi yako aliendelea kuchambua mchele, mimi nikaangalia miguu yangu. Asubuhi yake nikamfikishia Salimu maneno yako hapa dukani. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye tundu la chaja la simu ya mteja. Akasema, "Sawa, kaka," akaendelea kupuliza. Nami nikakaa kwenye kiti changu nikafanya kazi hadi jioni, na sikuhisi kitu. Nataka ulijue hilo kwanza, kwamba kwa miaka mitatu hii mimi huwa sihisi kitu. Watu husema Baba Rehema ana subira. Si subira, ni ganzi, na nimeizoea kiasi kwamba naendesha nayo pikipiki, nasali nayo, nakula nayo.

Unakumbuka nilivyoanza kutengeneza programu za simu. Ulikuwa darasa la saba. Mteja mmoja aliacha kompyuta hapa, hakurudi kuichukua mwaka mzima, nikaifufua, nikaanza kujifunza usiku na mchana kwa bando la kuungaunga. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya siku za magulio: leo gulio liko wapi, kesho liko wapi. Ulinicheka. Ulisema, "Baba, kila mtu hapa Korogwe anajua siku za gulio." Kweli, waliipakua watu wachache mno, na mmoja wao alikuwa mama yako, mwingine wewe. Ya pili ilikuwa ya wakulima wa michungwa wa Handeni, kuwakumbusha siku za kupulizia dawa. Hiyo ilipata watu kidogo, halafu ikaanza kugoma kwenye simu za zamani, wakanitukana, nikaiondoa. Mama yako alikuwa akiniambia kwamba mimi ni Mzigua pekee duniani anayelima kwenye kioo. Watu wa Bungu wana maneno, na yeye alikuja nayo yote kutoka huko mlimani.

Ya tatu ndiyo hii, Kwetu Huku. Jinsi ilivyozaliwa sijawahi kukusimulia vizuri.

Alikuja mzee mmoja wa Bungu kuchukua simu yake. Ilikuwa imekaa kwenye droo yangu siku mbili nikisubiri kioo kutoka Tanga. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, imepona." Akaiwasha hapa hapa. Ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa hakuwa na miwani akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Dada yake aliyeolewa Magoma alikuwa amefariki usiku wa jana, na wa mwisho ulisema wanazika baada ya adhuhuri. Mzee akauliza, "Sasa hivi saa ngapi?" Nikamwambia saa tisa na nusu. Akasema, "Basi wameshamfukia." Akakaa kwenye benchi hilo la mlangoni, simu yake imepona mkononi, hadi tunafunga.

Huo mzigo ulikuwa wangu, maana simu ilikuwa kwenye droo yangu. Nikaanza kazi wiki hiyo hiyo. Wewe unajua sisi hatuweki maiti. Mtu akifa asubuhi, alasiri anazikwa, na ndugu wa Bungu wanateremka mlima wakati wa Magoma wanarudi kutoka makaburini. Nikasema nitatengeneza kitu ambacho msiba ukitokea, kila mwenye ndugu katika kijiji hicho anasikia wakati huo huo. Unachagua vijiji vyako. Kila kijiji kina mtangazaji mmoja anayeaminika, anaandika jina la marehemu, mahali, na saa ya maziko, anabonyeza, na simu zote zinalia mlio wa aina yake, hata zikiwa zimenyamazishwa. Mtangazaji wa huku kwetu Old Korogwe alikuwa Salimu. Simu ya kwanza kuijaribia ilikuwa yako. Nilikuwekea mimi mwenyewe vijiji viwili, Bungu na Old Korogwe, nikakuambia usivitoe, ili nipate kusikia kama mlio unafika Handeni ulikokuwa unasoma uuguzi. Ukanipigia ukicheka, "Baba, umenifukuzia usingizi darasani."

Ikakubalika. Sijawahi kutengeneza kitu kikakubalika, kwa hiyo nilivimba kichwa, na kosa langu liko humo. Watu walinisimamisha njiani kunishukuru. Imamu alisema inashinda kipaza cha msikiti. Mimi nikawa najisifia kasi. Nilikuwa nasema, "Dakika moja tu, Bungu wanajua, Magoma wanajua."

Bibi yako ndiye aliyeuliza. Tulikuwa tunakula. Akaniambia, "Na mtoto wa marehemu, naye anasikia hivyo hivyo kwa hilo likengele lako?"

Nikamwambia, "Mama, mtoto anakuwa ameshaambiwa na watu wake."

"Umejuaje kama ameshaambiwa?"

Wewe unajua jinsi habari hiyo inavyopelekwa kwetu. Aliye mbali haambiwi mama yako amekufa. Anaambiwa amezidiwa, njoo. Anafuatwa na mtu, anashikwa mkono, analetwa hadi nyumbani, na hata akishayaona maturubai hakuna anayesema kitu mpaka ameketishwa chini na shangazi amekaa ubavuni. Hapo ndipo mkubwa anasema. Vijana wengi husema huo ni uongo. Mimi sikuwahi kuuita uongo. Niliufahamu vizuri sana, ila sikuuweka kwenye programu.

Nikaandika kwenye daftari: "Ndugu wa karibu wasubirishwe kwanza." Nikachora na mstari chini yake. Kisha nikashughulika na vingine. Walionitumia maoni walisema mlio ni mdogo, nikauongeza. Walisema rangi ya kijani inaumiza macho, nikaibadilisha. Walisema maandishi ni madogo kwa wazee, nikayakuza. Kila toleo jipya nililotoa lilikuwa na kitu kwa ajili ya mtu aliyelalamika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto wa marehemu haandiki maoni. Hana habari kwamba yeye ndiye mtumiaji wangu hadi siku yenyewe. Daftari likakaa na mstari wake, miezi minane.

Sasa nifike.

Mama yako alifariki saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake hospitali. Hilo unalijua. Saa tatu asubuhi ile daktari alikuwa ameshaniambia nijiandae, kwa hiyo nilimtuma Salimu kwa pikipiki yake aje Handeni akuchukue. Nilimwambia, "Mwambie mama amezidiwa. Usimwambie lingine." Akasema, "Kaka, najua." Akaondoka hata chai hajanywa.

Manesi walipomfunika wakaniomba nitoke nje. Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la saruji lililo kwenye korido, na mbele yangu kulikuwa na mama mmoja anamenya chungwa. Nikatoa simu mfukoni. Rehema, nimejaribu sana kukumbuka nilikuwa nafikiri nini, na jibu ni kwamba sikuwa nafikiri. Mkono ulikuwa umezoea. Msiba ukitokea Old Korogwe na Salimu hayupo, mimi ndiye ninayeandika, nimeshaandika mingi. Nikaandika: Zuhura binti Hassani, mke wa fundi simu. Nikaandika nyumbani kwake ni wapi. Nikaandika maziko baada ya alasiri. Nikahakikisha tahajia, maana sipendi makosa. Nikabonyeza.

Ni mimi niliyebonyeza. Salimu hakutuma chochote. Wakati huo alikuwa katikati ya njia, mikono yote miwili ipo kwenye usukani wa pikipiki.

Nilihisi nimemaliza kazi, na hilo tu ndilo nililohisi. Kwenye simu yangu naona tangazo linavyofika, kijiji kwa kijiji, wilaya kwa wilaya. Bungu imepokea. Magoma imepokea. Nikawa nasoma tu. Halafu likaja jina la Handeni, na ndipo nikakukumbuka. Nilikuwa nimekusahau, mwanangu. Kwa dakika moja, labda mbili, nilikuwa mtu asiye na mtoto.

Nikatafuta pa kulirudisha. Hapakuwa na pa kulirudisha, kwa sababu sikuwa nimepatengeneza. Nikakupigia, simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Yule mama wa chungwa akaniuliza, "Baba, vipi, mgonjwa wako hajambo?" Nikamjibu hajambo.

Yaliyotokea upande wako unayajua wewe, mimi nimeyasikia kwa Salimu. Kwamba simu tatu zililia kwa pamoja darasani, yako na za wenzako wawili wa kutoka huku, na kwamba mmoja wao alisoma kwa sauti kabla hujafungua ya kwako. Kwamba Salimu alipofika alikukuta chini, nje ya darasa, na viatu vimekutoka. Kwamba alikuambia, "Mama amezidiwa," kama nilivyomwagiza, na wewe ukamwangalia. Alisema hatalisahau jicho lile. Alikuleta nyumbani umekaa nyuma ya pikipiki, na hadi mnafika hukumshika hata shati.

Siku ya tatu, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, shangazi yako Mwajuma alisimama. Alisema, "Nataka kumjua huyo asiye na haya aliyemtangazia mtoto kifo cha mama yake kwa simu." Wote walijua mtangazaji wa Old Korogwe ni nani, na macho yakamwendea Salimu. Salimu akaniangalia mimi. Haukuwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia ukili wa mkeka. Akasema, "Ni mimi, dada. Nilipitiwa."

Kama watu wangehesabu saa wangejua si yeye. Lakini msibani nani anahesabu saa?

Jioni yake nilimfuata kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Kaka, Rehema kabakiwa na wewe tu. Akikuchukia wewe, atabaki na nani? Mimi anaweza kunichukia. Haitamdhuru." Nikamwambia nitakueleza mambo yakitulia. Akasema, "Wewe unajua." Tangu siku hiyo hajaligusa tena neno hilo, si kwa hasira, si kwa utani, na mimi nimekaa naye meza moja kila siku.

Mambo yalitulia. Yalitulia mara nyingi. Ulipohitimu, alikununulia kitenge, ukakirudisha kupitia kwa bibi yako, kimekunjwa vile vile. Mambo yalikuwa yametulia siku hiyo, na mimi nilikuwepo, nikakipokea kile kitenge na kukipeleka. Mkewe alipojifungua, wewe ndiye nesi pekee katika ukoo, na hukwenda. Salimu alisema una kazi nyingi. Kila sikukuu unampa shikamoo ukiwa umeangalia ukuta, naye anaitikia marahaba kwa furaha kabisa, kama umempa zawadi. Nimeyaangalia yote haya. Mtu mwenye ganzi anaona vizuri tu, ila hainui mkono.

Nilijiambia nakulinda wewe. Nikajiambia namlinda Salimu na aibu ya kuonekana mwongo. Huo ni upuuzi. Nilikuwa naogopa siku utakayoniangalia mimi kwa jicho lile aliloliona yeye.

Programu niliirekebisha. Sasa tangazo haliendi mpaka ndugu mmoja wa marehemu athibitishe kwamba watoto na wa karibu wameshaambiwa na mtu, uso kwa uso au wakiwa na mtu ubavuni. Watu wengine wanalalamika kwamba inachelewa. Nawaacha walalamike. Unajua kazi hiyo ilinichukua muda gani? Siku mbili, tena siku ambazo nilikuwa nafungua simu za wateja katikati. Kitu nilichokiahirisha miezi minane kilikuwa kazi ya siku mbili. Niliianza wiki moja baada ya kumzika mama yako, na watu wakasema, tazameni, ameanza kujikaza.

Sina la kukufundisha kuhusu kazi yako. Huko Kigoma utawaambia watu habari ambazo mimi siwezi kuzitamka, na najua utakaa chini kwanza kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu unajua ladha ya kinyume chake. Hilo hukujifunza kwangu. Umelijua kwa sababu yangu, na ni tofauti kubwa.

Ninalolijua mimi ni dogo. Nilidhani kosa lilikuwa lile la kwenye benchi la hospitali. Lile nimeshajisamehe, au niseme nalielewa. Mkono wa mtu aliyefiwa unaweza kufanya chochote. Lililonila ni siku ya tatu, kwenye mkeka, nilipokuwa na akili zangu zote, nimekula, nimelala, na neno lilikuwa moja tu, "Hapana." Nilikuwa na muda wa kulisema. Na kesho yake nilikuwa nao, na mwezi uliofuata. Kisha kila nilipotaka kulisema nilihitaji kueleza pia kwa nini sikulisema jana, na maelezo yakawa marefu kuliko neno lenyewe, mpaka yamefika kurasa hizi. Kama utakosea huko uendako, na utakosea, mimi ningependa useme siku hiyo hiyo, hata vibaya, hata kwa kugugumia. Siyo kwamba ni vizuri. Ni kwamba baadaye ni vigumu zaidi, na mimi nimekupimia.

Mama yako hakuijua sehemu hii yangu. Alidhani ameolewa na mtu mkweli mwenye mdomo mzito. Nalia kidogo ninapoandika hapa, na nimeshangaa. Salimu ameona, amegeuza kiti chake akaelekea barabarani.

Barua hii sitaitia kwenye begi uisome ukiwa umeshafika Dodoma. Nilifikiria hivyo, kisha nikaona nakimbia tena. Nitakupa mkononi leo baada ya chakula, ukiwa na bibi yako na shangazi yako. Ukitaka wasomee, wasomee, hasa Mwajuma, maana naye anadaiwa radhi na Salimu na hajui.

Halafu kuna suala la kesho. Ulimkataza mtu mmoja asije stendi, na sasa unajua ulimkataza asiye mwenyewe. Salimu nimemwambia ninachokuandikia. Akasema, "Kaka, ungemwacha tu asafiri kwa amani." Nikamwambia alfajiri awe tayari, pikipiki iwe na mafuta.

Basi linaondoka saa kumi na mbili. Mimi nitakuwa barazani usiku huu mpaka umalize kusoma. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu utoke uniambie kesho nani akubebee begi, mimi au yeye. Ukisema yeye, nitabaki nyumbani, nitakuaga hapa mlangoni.

Baba yako